Nafasi Iliyobaki Kushoto Kwangu

Mama Elia, rafiki yangu,

Tangu tukuzike, kwaya yetu ya akina mama imeacha nafasi yako wazi, mstari wa nyuma, kushoto kwangu. Ni heshima kwako, na mimi niliipenda. Mpaka Jumapili moja mchungaji alisema tufumbe macho tuombe, nikaanguka chini kama gunia la karoti.

Wakasema ni majonzi. Wengine wakaanza kulia upya, nami nikalia nao, maana kweli nakulilia. Lakini huzuni gani hiyo inayosubiri mtu afumbe macho?

Nikaenda hospitali. Unajua sukari ilivyoitia miguu yangu ganzi. Dada wa mazoezi ya viungo akanisimamisha miguu pamoja, nikafumba macho, nikayumba, akanidaka. Akanieleza kwamba nyayo na vifundo hupeleka habari kichwani mwili umekaaje. Vyangu vimenyamaza, kwa hiyo nasimama kwa macho tu. Akauliza mbona zamani sikuanguka. Hapo nikakumbuka kiwiko chako. Kila tulipoomba ulinigusa kidogo, ukaninong'oneza, "Simama, bibi harusi," nami nikadhani ni uchokozi wako wa kawaida. Kumbe mguso mdogo vile unatosha mwili kujua ulipo. Nadhani ulijua.

Kuomba macho wazi nimejaribu, nikakuta watoto wote wa mbele wananikodolea. Mwenyekiti akanishauri niimbe nimeketi. Niketi, wenzangu wakicheza? Ungenicheka mpaka wakusikie kule mjini Mlalo.

Basi kwenye mazoezi nikanyoosha mkono, nikaomba nafasi yako izibwe. Mmoja akauliza, "Umeshamsahau mwenzio?" Iliniuma, Mama Elia. Inaniuma hata sasa ninapoandika. Nikawaeleza habari yote ya miguu yangu, mpaka wakaelewa. Wakamsimamisha Eliza, mkwe wako. Mwanzoni aliogopa kunigusa, anavyoniheshimu, ikabidi niushike mkono wake niuweke mwenyewe kwenye kiwiko changu.

Jana tumeomba. Nilifumba macho nikasimama mpaka amina.

Lala salama, rafiki yangu. Nitamfundisha Eliza sauti ya pili mpaka aiweze kama wewe, nakuahidi. Nafasi yako nimeitoa mimi, usimlaumu mtu mwingine.

Mwenzio,
Mama Upendo