Kikombe cha Juu ya Kabati

Baba watoto,

Huku hatujambo. Mama yako kidonda cha upasuaji kimepona, na ameanza kutugombeza sote.

Barua yako nimeisoma. Kumbe damu uliyomtolea mama ilipopimwa ilikutwa na homa ya ini, ndipo ukajitengea kikombe, kisha ukakimbilia kazi ya mbali! Mume gani wewe? Nimekwenda benki ya damu. Muuguzi kasema ugonjwa huo hauambukizwi kwa vyombo. Nimepimwa, sina, nimechanjwa, mkono bado unauma. Wewe wanakungoja kliniki.

Hasira ninazo, njoo uzikute. Kikombe chako nimekishusha kutoka juu ya kabati. Ndicho ninachonywea chai huku nikikuandikia.

Mkeo