Neno Lililombakia Baba

Mdogo wangu Eutimio,

Natumaini hamjambo huko Rosario. Sisi tupo: mvua imechelewa, punda wetu kipofu amekufa, na kengele ya kanisa imepata ufa, inalia kama sufuria.

Baba alipata kiharusi mwezi wa pili. Usishtuke, anakula. Ila maneno yote yamempotea, limebaki moja tu: trigo, ngano yake ile ile. Akitaka mkate, trigo. Akitaka maji, trigo. Hata padri alifukuzwa kwa trigo mbili kali. Namtania, "Baba, umelima ngano miaka sitini, bado hujaichoka?" Anacheka, mate yanamtoka, namfuta.

Juzi nilimwonyesha picha yenu ya harusi, ile niliyomficha miaka kumi na moja. Sababu unaijua. Ulipomleta Araceli, binti wa fundi masufuria, Baba alisema mbele ya majirani, "Huyu si trigo safi," kama tusemavyo hapa juu ya mtu asiyeaminika. Nawe ukaondoka bila kuaga.

Basi, akaweka kidole usoni pa wifi yangu, akasema, "Trigo." Kisha akakaza mdomo, mishipa ya shingo ikamsimama, jasho likamtiririka, hata nikataka kumwita daktari. Mwishowe likatoka: "Safi."

Usiniandikie kwamba una kazi nyingi. Njooni wote wawili kabla ya mavuno. Ameiambia karatasi, Araceli mwenyewe bado hajasikia.

Dada yako,
Visitación