Nani Angewapokea Wageni Wangu

Baba,

Shikamoo. Najua hutaitikia, lakini ulinilea hivyo, kuanza maneno bila shikamoo siwezi.

Nakuandikia nikicheka. Nimeposwa! Ni yule yule Daudi, mwanafunzi wako wa chuo kikuu uliyesema ana maswali mengi kuliko daftari lake. Wazee wao walikuja Jumamosi hapa nyumbani Issuna, na nusura wakose wa kuwapokea.

Tangu tulipokuzika, Baba Mkubwa na Baba Mdogo hawakuwa wakisalimiana. Ulipokuwa hai kila mmoja alimeza yake kwa ajili yako. Ulipoondoka tu, wote wakataka nafasi yako. Baba Mkubwa akatuma neno kutoka Mkiwa kwamba yeye ndiye mkubwa, wageni atawapokea yeye. Baba Mdogo akajibu kwamba mji huu ameutunza yeye miaka yote uliyokuwa ubalozini, na kaka yake akija, yeye siku hiyo hayupo. Fahali wawili hawakai zizi moja, Baba, na kwetu binti haposwi bila mzee wa kupokea neno. Nililia, nisikufiche.

Halafu nikakumbuka darasa lako. Kila mwaka uliwafungulia wanafunzi muhula kwa kisa kile kile, nami niliwahi kuketi kiti cha nyuma nikakisikia. Kule ugenini ulimwalika balozi mwenzako chakula, ukampikia kuku, ukampa firigisi, kipande ambacho huku kwetu hakigusi mtu ila mwenye mji. Ulijinyima mwenyewe ukampa mgeni. Naye akaisukuma pembeni ya sahani akaifunika kwa jani la saladi! Ulinuna wiki nzima, mpaka Mama alipokuuliza kama ulimwambia amepewa nini. Hukumwambia. Ndipo ukawaambia vijana wako, "Heshima isiyoelezwa ni nyama tu." Darasa zima likacheka, na wewe ukacheka kuliko wote.

Basi nikawa kiguu na njia, Issuna na Mkiwa, Mkiwa na Issuna. Sikumwomba mtu asamehe. Nilimweleza Baba Mkubwa jinsi Baba Mdogo alivyomuuguza Bibi peke yake, anamgeuza, anamlisha, nyie wengine mkiwa mbali. Nilimkumbusha Baba Mdogo nani aliyeacha shule akachunga ng'ombe ili nyie wadogo msome. Kila mmoja alidhani mwenzake anajua na anadharau. Baba Mdogo alikwenda kusimama nje. Baba Mkubwa akaniambia nisije nikakosa basi.

Jumamosi Baba Mkubwa akaja, Baba! Kanzu imepigwa pasi, jogoo kwapani. Wakasalimiana kwa shida, kama watu waliokanyagana miguu. Wageni wakaketi, chakula kikaiva, nikaleta sahani. Firigisi niliiweka mbele ya Baba Mkubwa, maana umri ni umri. Akaitazama. Akainyanyua, akaiweka kwenye sahani ya mdogo wake, wageni wote wakiona.

"Kula wewe. Mama alifia mikononi mwako."

Baba Mdogo hakuweza kula. Aliinamisha kichwa mpaka nikaogopa. Kisha akasema kwa sauti ya kukwaruza, "Kaka, neno la wageni pokea wewe. Binti ni wako." Vigelegele vya shangazi zake Daudi nadhani vilifika Ikungi. Nilitamani sana uwepo saa ile, Baba. Nilitamani mpaka kifua kikauma, na bado nilikuwa nacheka.

Baba Mkubwa hajarudi Mkiwa hadi leo. Asubuhi hii wapo kaburini kwako wawili, wanang'oa magugu na kubishana kwa Kinyaturu nani kati yenu watatu alikuwa mchungaji hodari utotoni. Nawasikia kutoka hapa. Wamekuweka wa mwisho, na wanadai uliwahi kupoteza hadi ndama aliyefungwa kamba.

Kwaheri, Baba yangu. Pumzika. Nakuahidi, nikiweka tu kalamu chini naenda kukutetea, ingawa Mama anasema kuhusu ndama wanasema kweli.

Binti yako,
Neema