Nilitenga Sahani Kumlinda Mama Mkwe, Sasa Wanamwita Mchawi

Mama Anselm mpendwa, shikamoo. Naomba unisome mpaka mwisho kabla hujanigombeza, maana najua utanigombeza, na unisaidie upesi kwa sababu safari yangu imekaribia na kuna jambo nimeliharibu hapa nyumbani ambalo sijui nitaliachaje.

Mimi ni mwanamke wa miaka thelathini na moja, kwetu ni Iramba lakini nimeolewa Mgori, mkoa huu huu wa Singida, nina mtoto mmoja wa kike, Agnes, yuko darasa la pili. Mume wangu Obadia yuko Kanada, anafanya kazi kwenye kiwanda cha nyama, na tangu aondoke mimi na mtoto tunaishi na mama yake, ambaye ni mjane, na kusema kweli mama huyu amenipenda kuliko nilivyotegemea, hata siku nilipoingia kwenye huu mji sijui neno la Kinyaturu alinivuta kwenye sahani yake akaniambia mgeni ni siku ya kwanza tu, na tangu hapo tunakula pamoja, yeye, mimi, Agnes na wifi yangu Dorika, ugali mmoja, bakuli moja la mlenda.

Mwaka huu Obadia akatuombea tumfuate, mambo yakaenda vizuri, tukaitwa Dar es Salaam kupimwa afya na daktari waliyemchagua Wakanada wenyewe, maana bila hivyo hawakupokei. Mama Anselm, mimi nilikwenda pale kifua mbele, mimi ni mtu wa jembe, naweza kubeba ndoo kutoka kisimani mpaka nyumbani bila kuitua, sijawahi kulazwa tangu nijifungue, hata nilimcheka moyoni dada mmoja aliyekuwa anatetemeka kwenye foleni. Agnes akapimwa akamaliza, mimi nikapigwa picha ya kifua nikaambiwa nisubiri, wenzangu wakaondoka mmoja mmoja mimi bado nasubiri, halafu daktari akaniita ndani akaniambia pafu la kulia lina doa, huenda ni kovu la zamani lakini lazima wahakikishe si TB. Baada ya hapo alieleza mengi, tena kwa upole, lakini mimi masikio yalishaziba, nilisikia TB basi. Nikatoa makohozi asubuhi kadhaa, wakasema vipimo vya mwanzo havijaonyesha kitu ila wanayaotesha maabara waone kama kuna wadudu watakaoota, kama sisi tunavyootesha miche ya vitunguu, na kwamba jibu la mwisho linachukua kama miezi miwili, kwa hiyo nirudi nyumbani niishi kama kawaida.

Ningeishije kama kawaida? Hapa kwetu baba mdogo wa Obadia alikohoa mpaka akafa, hakuna aliyejua alikuwa na nini, lakini mke wake alisemwa kuwa ndiye aliyemletea ukimwi, akasemwa mpaka akafunga mizigo akarudi kwao. Mimi nikaona nikisema tu neno TB nimekwisha, na safari imekwisha, kwa hiyo Obadia nikamwambia wanachelewesha majibu tu, si unajua mambo ya serikali, na mama mkwe nikamwambia hivyo hivyo.

Lakini nilimwogopea, Mama Anselm, yeye na mtoto. Nikasema kama ninao huo ugonjwa sitamwua mama wa watu. Nikanunua sahani yangu, kikombe changu na kijiko changu, nikawa navificha chumbani, chakula kikiiva napakua changu naenda kula pembeni, Agnes nikamkataza asiguse sahani yangu, na tukilala, maana tunalala kitanda kimoja, nilikuwa namgeuzia mgongo. Mama aliponiuliza nikasema tumbo linanisumbua, akanichemshia uji wa ulezi akauweka kwenye kibuyu chake anachonywea, nikakataa kuunywa.

Siku ya kupiga alizeti ndiyo iliyoharibu kila kitu. Majirani walikuja kutusaidia, wanawake wengi, mchana mama akatenga sinia kubwa la ugali na kuku, watu wakanawa wakazunguka, mimi nikainuka na kisahani changu nikaenda kukaa nyuma ya gunia peke yangu, na hapo jirani yetu mmoja, nimwite Mama Simoni, akasema kwa sauti ya kucheka, "Mama Obadia, kulikoni? Mkweo anaogopa mkono wako?" Wengine wakacheka, halafu wakaacha kucheka, halafu nikaona mwanamke mmoja anarudisha tonge lake kwenye sinia. Mama mkwe aliendelea kugawa nyama. Na mimi, Mungu anisamehe, nikaendelea kula.

Tangu siku hiyo ikawa kila mtu ana la kusema, mara yule baba mdogo alikufaje, mara mbona macho ya mama ni mekundu kama ya mchawi, kama vile hakuna mwanamke mwingine Mgori anayepikia kuni, mara kama mkwe wake wa ndani anamkimbia, sisi wa nje tufanyeje. Yeye huuza maziwa mgando pale nyumbani, watu walikuwa wanakuja na vyombo vyao kila asubuhi, wakaanza kupungua, mwisho tukawa tunayanywa wenyewe, au niseme wanayanywa wao bila mimi. Jumuiya ya kanisa ilipokuja kusali kwetu, uji aliopika ulirudi jikoni kama ulivyotoka. Kuna siku akanikuta naanika mlenda akakaa karibu yangu akaniambia, "Mwanangu, kama unaniogopa niambie tu, mimi nina dada yangu Ikungi, nitaenda kukaa kwake mpaka uondoke, ule kwa amani." Nililia, nikamwambia si hivyo mama, akaniuliza ni vipi basi, nikainama nikaendelea kuanika.

Sasa sikia Mungu alivyo. Juzi niko shambani simu ikalia, ni wale wa Dar es Salaam, dada ananiambia majibu yametoka, hakikuota kitu, sina TB, lile doa ni kovu la zamani pengine la nimonia ya utotoni, vipimo vyangu vimepita. Nilimwambia rudia, akarudia, nikamwambia rudia tena dada yangu, akacheka, akarudia. Nilipiga vigelegele peke yangu katikati ya mabua, nikakimbia nyumbani, nikamkuta Agnes anakula kiporo nikakaa chini nikala naye mpaka tukakwangua sahani, mtoto ananishangaa, mimi nacheka na machozi yananitoka. Nilijiona mwepesi, sijawahi kujisikia vile.

Mama mkwe akatoka ndani nikamwambia mama tumepita, tunaenda, akanipongeza, akasali pale pale uani. Lakini jioni nilipobeba kigoda changu kwenda kukaa naye nile kama zamani, nilikuta chakula changu kimeshapakuliwa kwenye sahani ya peke yake, kimefunikwa vizuri, akaniambia, "Chako hicho, mwanangu. Nimekipakua kabla sijagusa." Mpaka leo anafanya hivyo. Mimi sasa ni mzima, yeye ndiye amekuwa kama mgonjwa.

Rafiki yangu wa Singida mjini ananiambia nisifukue mambo, nimnunulie kitenge kizuri niage niende zangu, watu watasahau, kwa sababu nikisema ukweli watasema kumbe nilikuwa na TB, Obadia atakasirika kwamba nilimficha, na huenda hata hao wa Kanada wakisikia wakabadilisha mawazo. Mimi moyo unakataa, lakini mdomo nao unakataa. Nifanyeje, mama yangu?

Ni mimi mkwe wa Mgori (majina niliyotaja si yenyewe).

MAMA ANSELM ANAJIBU

Marahaba, binti yangu. Kwanza nifurahi na wewe, kwa sababu nimesoma hapo ulipopiga vigelegele shambani na mimi nikapiga vyangu hapa ofisini, watu wakachungulia mlangoni. Miezi miwili ya kujiona maiti inayotembea si mchezo. Umepona kitu ambacho hukuwa nacho, na hofu yake nayo ni ugonjwa. Hongera sana.

Nimemaliza kufurahi. Sasa kaa vizuri.

Daktari alikwambia uishi kama kawaida. Alisoma miaka mingi ili akwambie maneno hayo, wewe ukaona unajua zaidi. Hukusikia alichosema, sawa, hata mimi ningeziba masikio, lakini simu yao ulikuwa nayo, ulishindwa nini kupiga kesho yake ukauliza? Au kwenda zahanati ya hapo ukamuuliza nesi? Wangekwambia kwamba TB haikai kwenye sahani wala kijiko wala kibuyu cha uji. Inapita hewani, mgonjwa ambaye hajatibiwa anapokohoa na wengine wanaivuta. Kwa hiyo wewe ulijitenga na mlenda, ukalala na mtoto chumba kimoja, kitanda kimoja, na najua nyumba zetu, dirisha mmeliziba kwa gunia kwa sababu ya upepo. Kama ungekuwa na ugonjwa wenyewe, ungemkinga mama mkwe na kile kisichomdhuru na kumwachia Agnes kile kinachodhuru. Nashukuru Mungu hukuwa nao. Na wewe msomaji mwingine unayekohoa wiki ya pili hii na kujiambia ni vumbi la alizeti, nenda kapime. Hospitali za serikali wanapima bure na kutibu bure, na anayemeza dawa mpaka mwisho anapona.

Najua pia kwamba hukufanya hivi kwa ubaya. Ulikula nyuma ya gunia kwa upendo, nimeliona hilo. Lakini binti yangu, wewe umezaliwa na kuolewa Singida, hukushuka jana na basi. Unajua mtu anayekataa chakula cha mwenzake mbele ya watu amesema nini. Ulisema bila kufungua mdomo kwamba mkono wa mama huyu unaua. Mama Simoni alikuwa mtafsiri tu, na mdomo wake nao nitaushughulikia siku nyingine.

Rafiki yako wa mjini mwambie nimemsalimia, na kitenge hicho avae yeye. Mama mkwe akivaa kitenge kipya baada ya wewe kuondoka, unajua watasema nini? Watasema amelipwa ili amwache mkwe wake aondoke salama. Eti watu watasahau. Watu hawasahau kitu cha namna hiyo, wanakiweka tu mpaka mtoto wa mtu augue, au ng'ombe wa mtu afe, ndipo wanakitoa. Maneno juu ya pafu lako yatakwisha, kwa sababu wakikuangalia uko mzima na majibu unayo. Maneno ya uchawi juu ya mjane ambaye mwanawe yuko mbali yanaweza kwisha kwa panga, na wewe unajua sikutishii. Wanawake wamezikwa katika nchi hii kwa sababu ndogo kuliko kisahani chako.

Hao wa Kanada waondoe kichwani. Wao ndio waliopima, wao ndio wenye majibu, utawaambia nini wasichokijua?

Obadia mpigie leo, kabla hujaonana na mtu mwingine yeyote. Mwambie yote, na la alizeti usiliruke. Atanuna. Mwache anune, ana haki, lakini mnunaji wa Kanada hawezi kununa muda mrefu wakati mke na mtoto wanakuja. Akimaliza, mwambie ampigie mama yake na amwombe radhi pamoja na wewe, kwa sababu mama yake amechafuliwa ndani ya nyumba yake mwenyewe na hilo ni jambo lake pia.

Kisha nenda kwa mama. Mkiwa wawili tu. Usimpigie hadithi ndefu ya wadudu na maabara, anza na hili: "Mama, niliambiwa huenda nina TB, nikaogopa nitakuambukiza." Hayo mengine atakuuliza mwenyewe. Akilia, mwache alie. Akikukasirikia, kaa hapo hapo ukasirikiwe, usikimbilie chumbani. Mwanamke aliyekwambia yuko tayari kuhama nyumba yake ili wewe ule kwa amani hatakufukuza, lakini akikusamehe upesi usidhani kazi imekwisha.

Haijakwisha, kwa sababu ulimharibia mbele ya watu na lazima umsafishe mbele ya watu. Nenda kwa mwenyekiti wa jumuiya, umwombe sala inayofuata iwe kwenu. Siku hiyo, kabla watu hawajanyanyuka, simama useme wewe mwenyewe, si Dorika akusemee, si katekista: nilipimwa, niliogopa, nilijitenga kwa ujinga wangu, mama yangu hana kosa lolote. Mama Simoni awepo, mwalike kwa jina. Halafu sinia litengwe, na wewe uwe wa kwanza kunawa. Na kabla ya kusafiri mweleze mwenyekiti wa kitongoji na mtendaji wa kijiji jambo lote lilivyokuwa, uwaachie namba yako na ya Obadia, ili siku mtu akianza tena wajue pa kuanzia, na wakishindwa, polisi wapo.

Tiketi usikate kabla ya hayo. Wewe utapanda ndege, utafika, utavaa koti zito na kuanza maisha, na nakuombea yawe mazuri. Yeye atabaki Mgori na jina ulilomwachia. Leo jioni, ukishasema naye, hiyo sahani aliyokufunikia ifunue, umimine ugali wako juu ya wake, na ukate tonge.