Taa Tatu Zinazotazama Shamba la Jirani

Mshauri wangu mpendwa, nimesoma ukurasa wako kila Alhamisi kwa miaka kumi na moja na sikuwahi kudhani nitakuandikia, lakini leo naomba unisaidie, na swali langu ni dogo tu: nyumba yenye bustani, na ndani yake mzee asiyeona giza likiingia, ifungwe taa za aina gani nje? Nina katalogi hapa mbele yangu, kuna taa za nguzo, za kuchomeka ardhini, za ukutani, za nguvu ya jua, na kila nikiifungua naifunga tena, kwa hiyo afadhali nieleze tangu mwanzo.

Tunaishi pembezoni mwa Okayama, katika nyumba aliyozaliwa mume wangu Teruhiko, tulirudi alipostaafu, na nyuma ya bustani kuna mfereji wa maji usio na ukingo kama mifereji yote ya huku, na ng'ambo ya mfereji ni shamba la mpunga la Bwana Kuwamoto, ambaye alisoma darasa moja na mume wangu. Mchana Teruhiko anaona, lakini jua likizama ni kama amefungwa kitambaa, na mwezi wa tatu mwaka huu, jioni, alikwenda kuchuma vitunguu vya majani vya supu, akakanyaga hewa, akatumbukia mferejini. Maji yalimfika magotini tu lakini kifundo cha mguu kiliteguka, akakaa mle karibu saa nzima kwa sababu mimi nilikuwa kwa daktari wa meno, na akiwa mle aliisikia gari ndogo ya mizigo ya Kuwamoto ikipunguza mwendo, ikasimama kidogo, ikaondoka. Gari hiyo inakohoa, hawezi kuikosea. Baadaye tukasikia kwamba Kuwamoto amewaambia watu, "Nilimwona Teru ameinama, nikadhani anazibua mfereji." Kutujulia hali hakuja.

Basi nikanunua taa. Kila aliyeniuliza nilimwambia ni kwa ajili ya macho ya mume wangu, na fundi aliponiuliza, "Mama, zitazame njia au zitazame wapi?" nikamwambia zitazame mfereji, na taa tatu nyeupe za nguzo ndefu zikitazama mfereji zinatazama na shamba. Mwanzoni mwa mwezi wa saba Kuwamoto alisimama ng'ambo, kofia mkononi, akasema, "Shemeji, taa zako nzuri kweli. Siku hizi hata mpunga wangu hausinzii." Nikacheka, nikamjibu, "Asante, Bwana Kuwamoto, karibu na wewe utembee kwa mwanga wetu." Akainamisha kichwa akaenda zake. Wiki hiyohiyo dada wa chama cha ushirika aliyetuletea mbolea ya bustani akaniambia waziwazi kwamba mpunga ukimulikwa usiku hautoi masuke kwa wakati wake. Kwa hiyo nilijua, mshauri. Ilikuwa bado mapema, ningezima siku ile mambo yangekwisha. Sikuzima. Kabla ya hapo zilikuwa zinazimika saa nne, nikazitegesha ziwake mpaka alfajiri.

Mwezi wa kumi shamba lote lilikuwa manjano isipokuwa vipande vitatu vya kijani, kila kimoja kama upepeo uliokunjuliwa, ncha zote zikielekea bustani yangu, na barabara ya wanafunzi inapita palepale. Mashine ya kuvuna ikavizunguka ikaviacha vimesimama. Kesho yake asubuhi nikakuta kibarazani kifungu cha mpunga huo mbichi, kimefungwa vizuri kwa majani yake, bila barua. Nikakitundika mlangoni kama pambo. Bibi Inoshita wa nyumba ya tatu alipoleta ule ubao wa matangazo unaopitishwa nyumba kwa nyumba, akakitazama, akauliza, "Hicho nacho?" Nikasema, "Bwana Kuwamoto katuletea, ana moyo mzuri." Tangu siku hiyo ubao unaruka nyumba yetu.

Hayo ningeyavumilia. Lakini Teruhiko akipita mlangoni alikipapasa kile kifungu, akaminya punje moja kwa ukucha, akasema, "Mama Kazue, haya ni makapi. Nani kayaleta?"

"Nimenunua mjini. Ya mapambo."

"Duka gani linauza mpunga mtupu?"

Yeye ni mtoto wa mkulima. Akageuka kuelekea bustani akasema, "Taa hizo si zangu," akaingia ndani. Hii ni wiki ya tano hatoki nje, hata mchana, hata kwenye vitunguu vyake, anakaa tu miguu chini ya meza yenye kipasha joto anasikiliza redio, na mimi ananijibu kwa kichwa. Jioni taa zinawaka zenyewe, zinamulika bustani isiyo na mtu. Naomba uniambie, mshauri, ni taa gani zitakazomtoa nje?

Mimi, mama wa kando ya mfereji

*

Dada yangu wa kando ya mfereji,

Pole kwa saa ile aliyokaa mumeo majini. Naitanguliza pole hiyo kwa sababu inaonekana hakuna aliyewahi kukupa, na najua ilivyokuchoma.

Sasa tusidanganyane. Umeniuliza habari za taa, na taa zako zimefanya vizuri sana kazi uliyozinunulia. Nilifundisha shule ya kilimo miaka thelathini, nikueleze jambo ambalo dada wa ushirika alikueleza kwa mkato. Mpunga huhesabu giza. Katikati ya kiangazi usiku unapoanza kurefuka, mmea hupima urefu huo na kujua kwamba muda wa kutoa masuke umefika. Ukiumulika, unausadikisha kwamba bado ni mapema. Unabaki kijani, unangoja, na baridi inaukuta punje hazijajaa. Kuwamoto alikwambia hivyo mwezi wa saba. Mtu wa umri wake, katika mkoa wetu, akisimama na kofia mkononi akasema mpunga hausinzii, amepiga kelele kwa kadiri anavyoweza. Wewe ulimsikia, ukamkaribisha atembee. Lilikuwa kofi hilo, dada.

Kuna jambo jingine, nalo litakuuma zaidi. Jicho lisiloona jioni haliponi kwa taa kali. Mtu huyo akitazama balbu nyeupe iliyo juu ya nguzo, kwa dakika kadhaa hata ardhi iliyo mbele ya miguu yake haioni. Tangu majira ya kuchipua umekuwa ukimpofusha mumeo kwa jina lake mwenyewe. Aliposema si zake alisema kweli.

Swali lako nitalijibu, maana mzee anahitaji kutembea. Nguzo zote tatu zing'olewe, wiki hii, na fundi yuleyule. Kabla ya taa yoyote jenga kizuizi kando ya mfereji, mabomba mawili ya chuma yaliyolala, moja kiunoni na moja gotini, kwa sababu kilichomwangusha ni ukingo usiokuwepo. Kisha chagua taa fupi zisizopita goti, zenye kofia inayoficha balbu, mwanga wa rangi ya manjano iliyokolea, zichomekwe upande wa shamba wa njia huku zikitazama nyumba yenu, kutoka mlangoni mpaka kwenye vitunguu basi. Ziwe za kuwaka mtu akipita na kuzimika akishapita. Na tangu mwanzo wa mwezi wa saba mpaka masuke ya jirani yote yatoke, ile iliyo karibu na mfereji iwe imezimwa kabisa, na mumeo achume vitunguu vyake mchana.

Ukinunua hizo tu ukaishia hapo, utakuwa na bustani nzuri na mume aliyekaa kwenye redio.

Kuhusu gari iliyosimama ikaondoka: mwezi wa tatu ndio tunaozibua mifereji, na mtu anayezibua husimama majini ameinama, vilevile alivyosimama Teruhiko. Huenda Kuwamoto anasema kweli. Huenda pia aliona vizuri, akaona tabu kushuka, na aibu ikamzuia kuja kwenu mpaka leo. Sijui. Wewe pia hujui, kwa sababu ulimpelekea mwanga miezi yote hii badala ya kumwuliza mara moja. Lakini angalia alichofanya yeye. Vipande vile vitatu angeweza kumwonyesha mwenyekiti wa mtaa, na mngelipishwa mbele ya watu. Alichagua kukata mashina machache kwa mkono, akayafunga, akayaweka pale ambapo wewe tu ungeyaona. Wewe ndiye uliyeyatundika barabarani.

Kile kifungu kitoe mlangoni kabla hujalikunja gazeti hili. Usikitupe. Mwambie mumeo tarehe uliyojua na kwamba hukuzima, usipunguze siku hata moja. Akinyamaza, mwache anyamaze. Siku atakayosimama mwenyewe, mwende wote wawili kwa Kuwamoto, mumeo akishika kile kifungu. Mkifika, wewe uanze, na useme lililo lako lote kabla hujamwuliza lililo lake. Huenda asifungue mlango. Huenda akafungua akasema "si kitu," na unajua kwetu neno hilo lina uzito gani. Mavuno ya vipande vile hayatarudi, wala siwezi kukuahidi kwamba ubao utarudi.

Ila mwende saa tisa alasiri, jua likiwa bado juu. Saa hiyo mumeo anaona njia mwenyewe, na hamtahitaji taa yoyote.