Harufu ya Kazi Yako, Amisi

Mdogo wangu Amisi, uliyezoea kuniita yaya,

Gundi inanitapisha. Nikipita kwa mafundi wa baiskeli pale sokoni Kasongo, nikaisikia ile gundi ya kuzibia mipira, naziba pua nakimbia. Nakuona wewe, kitambaa chenye gundi puani, macho mekundu, mate yanachuruzika kidevuni, unamchekea mtu asiyekuwepo. Ulinichefua, Amisi. Na nilikupenda hivyo hivyo.

Wakumbuka ulipoanza ufundi wa baiskeli? Ulirudi jioni, mama akanusa shati lako, akafurahi: "Hii iko harufu ya kazi! Mutoto wangu amekuwa mutu." Tangu hapo hakuna aliyekuuliza lolote, hata mimi niliyekiona kile kitambaa. Ulinuka hadi kwenye mkeka, nasi tukajisifu kwamba una bidii. Ulipoanza kusahau majina yetu, tukasema umechoka.

Kisha ukaanguka, kopo la gundi mkononi, hukuamka. Muuguzi aliniambia mvuke ule huharibu ubongo polepole, na pengine husimamisha moyo ghafla, hata wa kijana mwenye nguvu kama wewe. Nilimwendea aliyekuwa akikuuzia. Aibu hana. "Yaya, bangi ndiyo wanakatazaga. Hii iko kole, gundi ya mipira tu, ninauzisha mbele ya polisi." Na kweli, makopo ameyapanga mezani, karibu na peremende. Nusura nimtemee mate.

Lakini wanaonichukiza kupita wote ni watu wetu. Kesho ni arobaini yako, na baada ya dua wazee watakaa kumtafuta aliyekuroga. Wameshamtaja shangazi Zaina, eti kwa sababu ndiye aliyekupikia chakula chako cha mwisho. Shangazi aliyetubeba mgongoni sote wawili akienda kulima mihogo! Wanataka kumfukuza, na uzee ule. Tangu jana amejikunyata jikoni, hali kitu, ananiuliza tu: "Nilimutilia nini, mutoto wangu?"

Kopo lako ninalo. Kesho nitalifungua katikati yao, kabla hawajatamka neno uchawi, na nitawaeleza yote aliyonieleza muuguzi. Najua mama ndiye atakayeitambua harufu ile kwanza. Nitamvunja moyo mbele za watu, na sijui kama atanisamehe. Lakini shangazi atalala nyumbani kwake.

Pumzika, Amisi, mahali pasipo na harufu ile.

Yaya wako