Siafu wa Mguu wa Kulia

Jumanne, Gudele

Ameniuma kweli yule siafu, na nimesikia!

Mchana, bandarini, tulipopumzika katika kazi ya kupakua mahindi, nilivua buti nikague nyayo. Miguu yangu imekufa ganzi tangu mwaka jana, na daktari aliniagiza niikague kila siku. Siafu akaning'ata kidole cha mguu wa kulia. Nikapiga kelele. Kenyi, ninayebeba naye magunia, akaja mbio amtoe.

“Mwache kwanza!” nikamwambia.

“Zol, we mtu, mdudu inakula wewe, na wewe iko nacheka?”

Hajui. Daktari alisema dawa ya kisukari niliyomeza miaka mingi imenipunguzia vitamini B12 mwilini, ndiyo maana miguu ikafa ganzi, akanipa vidonge vya kuirudisha. Nimevimeza miezi mitatu bila imani. Binamu yangu, naye wa kisukari, alikanyaga msumari asisikie, akakatwa mguu. Nilikuwa najiona nikirudi nyumbani Busia hivyo hivyo, kwa magongo.

Mguu wa kushoto bado umenyamaza. Huo nauogopa.

Lakini wa kulia unawasha jioni yote, nami najikuna na kucheka peke yangu. Sasa nampigia mke wangu, nimwambie siafu ameniuma. Atanipa pole, na mimi nataka hongera.